Pipa la Nne Lilipochacha

Pipa la tatu lilipochacha, Celestine hakulaumu tena hamira. Alimlaumu Ogwal.

Mtambo wa bia Celestine aliuunda mwenyewe, kwenye kibanda nyuma ya vyumba vya kupanga huko Kawempe. Kabla ya kuvuka mpaka kutoka Bungoma alikuwa ametengeneza majokofu ya maziwa kwa miaka kumi na miwili, kwa hiyo mabomba hayakumtisha. Pampu ndogo ilisukuma maji ya kimea yakiwa bado yanatokota, yakapita kwenye koili ya shaba iliyozamishwa katika barafu, yakafika kwenye pipa yakiwa yamepoa. Bia ya kwanza ilitoka nzuri, hata Okwera, mwenye nyumba, aliomba chupa ya pili. Zilizofuata zote zilikuwa kali kama siki.

Ogwal, jirani yake, alikuwa mwanajeshi mstaafu; chumba chake na kibanda vilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Okwera alikuwa amemwachia ufunguo wa akiba wa kibanda. Mara mbili Celestine alimwona ameinama mlangoni, ananusa. Kisha asubuhi moja akakuta alama ya buti kando ya pampu, na swichi aliyoiacha imewashwa imezimwa.

Hakumuuliza. Alikwenda moja kwa moja kwa Okwera, na Ogwal akanyang'anywa ufunguo mbele ya wapangaji wote. Aliutoa, akaingia ndani.

Celestine akanunua kufuli jipya, akafunga uzi mweusi kwenye kila vali, akapika pipa la nne. Kwa siku kumi uzi haukuguswa. Alipoonja, ilikuwa siki ileile.

Alikaa chini kwenye sakafu na spana, akaanza kufungua mtambo kipande kwa kipande. Koili ilikuwa safi. Pampu safi. Lakini vali iliyofuata koili, alipoitenganisha, nyuma ya gololi inayofungua na kuziba njia kulikuwa na ute wa kahawia unaonuka. Kila mara aliisuuza kwa maji moto ikiwa wazi, na maji hayakufika pale. Kosa hilohilo aliwahi kuwafokea mafundi wenzake kwenye majokofu ya maziwa.

Aliiweka vali kwenye kitambaa, akabisha hodi kwa Ogwal.

"Afande, nimekukosea. Uchafu ulikuwa humu."

Ogwal aliitazama vali, hakuigusa.

"Lakini uliingia," Celestine akasema.

"Niliingia. Pampu ilikuwa nalia, maji hakuna, nasikia harufu ya waya kuungua. Nikazima."

"Na kunusa mlangoni?"

"Nilifikiri wewe napika waragi, ile pombe kali. Hiyo kitu nalipuka. Mke yangu nalala nyuma ya ukuta huo."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa naniangalia kama mwizi. Ningesema nini?"

Jioni hiyo Celestine aliwaeleza wapangaji kosa lake, palepale uani alipomwaibisha. Okwera akamkabidhi Ogwal ufunguo wa akiba wa kufuli jipya. Ogwal aliukataa, akamsukumia Celestine.

"Kaa nao. Ila siku ya kupika, niite. Nataka kuona kwa macho yangu."

Alikuja kweli, akaketi kwenye kigoda mlangoni, mikono kifuani. Celestine alizitenganisha vali zote mbele yake, akazichemsha, akamweleza kila bomba linakokwenda. Kila mara pampu ilipobadilisha mlio, Ogwal aliinuka nusu.

Bia ile ilitoka safi. Ogwal alikunywa nusu glasi, akakubali kwamba si waragi, kisha akauliza kama ule waya wa pampu umeshabadilishwa.