Bahasha Mbili za Kina Skaar

"Moja! Kura moja, jamani! Sio mia, sio kumi, moja, kama kidole changu hiki!"

Tressa Lindquist alikuwa amepanda juu ya kiti, simu mkononi, soksi miguuni, viatu sijui kavitupa wapi. Ilikuwa Jumatano, saa nne na robo asubuhi, uchaguzi umepita jana yake. Nusu nzima ya mashariki ya Montana ilikuwa imepiga kura kumpeleka mtu mmoja Bungeni Washington, zikahesabiwa hadi kukakucha, na mtu wao, Daktari Corliss Haugen, daktari wa ng'ombe na farasi, alikuwa nyuma kwa kura moja. Mbele yake alikuwa Trent Mabry, yule mwenye kofia mpya kila wiki.

"Shuka hapo, utavunjika shingo," alisema Bi Garnet Pruitt, mwalimu mstaafu aliyekuwa anaongoza ofisi ya kampeni pale Bitter Fork. "Kaa chini."

"Sikai! Nitakaaje? Hakuna kura iliyobaki popote?"

"Wilaya nzima wameshamaliza. Zimebaki bahasha mbili tu, na ziko hapa kwetu, kwa karani wa uchaguzi. Zina kasoro ya sahihi. Wenyewe wana mpaka saa kumi na moja jioni waje warekebishe, la sivyo zinatupwa."

Tressa alishuka kitini kwa mruko mmoja. "Mbili! Za nani?"

"Za kina Skaar."

Chumba kizima kiliangua kicheko, kile kicheko cha watu ambao hawajalala. Hata Tressa alicheka, kisha akataka kulia. Maana hapa mtu hajiandikishi kwa chama, moyo wake anaujua mwenyewe, lakini kina Skaar walijulikana na kila mtu. Getini kwao kulikuwa na mabango mawili: upande wa kushoto la Corliss, la Leona, mke. Upande wa kulia la Mabry, la Arvid, mume. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, mke huku, mume kule, kila uchaguzi wanafutana.

"Moja toa moja," alisema Bi Garnet. "Acha, binti. Usichome mafuta bure."

"Sasa nikae hapa nifanye nini? Nile kucha? Zimeisha!" Akaonyesha vidole, na kweli zilikuwa zimeisha. Alikuwa ameacha muhula mzima wa chuo kwa ajili ya Corliss. Alikuwa amegonga milango hadi mbwa wa kaunti tatu wanamjua kwa harufu. Kura moja tu! Labda karani kakosea. Labda Arvid siku ile alikuwa na homa akaweka alama pasipo pake. Labda, labda. Akapata kiatu kimoja chini ya meza na cha pili nyuma ya mashine ya kahawa, akatoka mbio.

*

Leona Skaar alimfungulia mlango kabla hajagonga.

"Nimekusikia tangu barabarani. Gari lako linakohoa. Umekula?"

"Mama, hakuna wakati wa kula!"

"Wakati wa kula upo siku zote. Kaa." Akamwekea sahani ya viazi vilivyookwa na jibini na nyama ya kusaga, moto unafuka. Tressa akala amesimama.

"Karani kashanipigia," alisema Leona. "Ni upuuzi wetu wenyewe. Sisi kura zetu tunatuma kwa posta, tunapiga hapa mezani, unaona? Katikati tunasimamisha boksi la nafaka, mtu asichungulie karatasi ya mwenzie. Sasa mwaka huu Arvid alikuwa anapanga vitu vyake vya kuwinda papo hapo. Risasi, soksi, soseji, kamba, vurugu tupu. Tukagombana kuhusu soseji. Kila mtu akatia karatasi kwenye bahasha iliyo mbele yake, akatia sahihi kwa hasira. Kumbe bahasha yangu ndiyo iliyokuwa kwake, na yake kwangu."

"Kwa hiyo sahihi yako iko kwenye bahasha yenye jina lake!"

"Na yake kwenye yangu. Karani kasema tuje wote wawili tuandike kwamba tulibadilishana. Akija mmoja peke yake, zinatupwa zote mbili."

"Na mzee yuko wapi?"

"Mlimani, tangu Jumamosi. Kwenye kambi yake ya Kijito cha Sungura."

"Mpigie simu!"

Leona akanyoosha kidole. Simu ya Arvid ilikuwa juu ya friji, imelala chali.

Tressa alishika kichwa. Maili sitini kwenda, sitini kurudi, na saa ishakuwa tano na nusu. Kwa nini? Kwa ajili ya sifuri! Leona alimwangalia, akakunja taulo la vyombo mara mbili, akalikunja tena.

"Mwanangu, mimi nimepiga kura kila mwaka tangu niwe mtu mzima. Mwaka wa mapacha nilipiga huku nimeshikwa na uchungu, karani wa wakati ule akanishikia kalamu. Leo kura yangu ife kwa sababu ya soseji?"

"Lakini mama, ukipata yako, na yeye anapata yake."

"Ndiyo. Ndivyo ndoa ilivyo."

Tressa alimeza kiazi cha mwisho. Leona akamvisha kizibao chake cha rangi ya chungwa kilichomfika magotini. "Vaa, usije ukadhaniwa mnyama. Mimi nitawasubiri mahakamani, kwenye ofisi ya karani, na vitambulisho vyote viwili. Na ukimkuta, mwambie soseji nilikuwa sahihi mimi."

*

Saa nane kasoro dakika kumi gari lilikataa kupanda. Tressa aliliacha karibu na pikapu ya Arvid, akaingia kwenye misonobari kwa miguu, theluji ya kifundoni, anapiga kelele kila hatua tatu. "Mzee Skaar! Mimi sio mnyama! Mzee Skaar! Nimetumwa na mkeo!" Alikuwa anaangalia saa yake kila dakika, kana kwamba akiiangalia sana itaona haya isimame.

"Nani huyo?" sauti ikatoka nyuma ya jiwe. "Wanyama wote wa mlima huu umeshawakimbizia Wyoming!"

Arvid Skaar alikuwa amepiga magoti kando ya kulungu dume mkubwa kama farasi, pembe kama mti uliopukutika. Mikono yake ilikuwa myekundu hadi kiwikoni. Tressa akaangalia juu, kwenye mawingu, akasema hadithi yote kwa pumzi moja: bahasha, sahihi, karani, saa kumi na moja, soseji.

"Soseji nilikuwa sahihi mimi," alisema Arvid.

"Twende, mzee!"

"Wewe msomi. Moja toa moja ni ngapi?"

"Sifuri."

"Haya, umefaulu. Rudi nyumbani." Akarudia kazi yake. "Huyu nimemfuata siku nne. Nikimwacha hapa, kabla jua halijazama dubu kamla. Nyama haina subira, binti."

"Mama Leona atakuwa amekaa pale kwenye benchi!"

"Leona ananijua."

"Amevaa koti lake la kanisani, mzee!" Hilo alilitunga papo hapo. Arvid akasita kidogo, kisha kisu kikaendelea.

Tressa alikaa kwenye gogo, akasimama, akakaa. Machozi yalikuwa yanamjia na hakutaka yaonekane. Maili sitini! Na huko mjini Corliss amekosa nini? Kura moja.

"Kwani aliye mbele kamzidi mwenzake kwa ngapi?" aliuliza Arvid bila kugeuka.

"Moja."

"Elfu moja?"

"Moja, mzee. Moja! Mimi na wewe hapa tunamzidi!"

Kisu kikasimama. Arvid akageuka polepole, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. Huku juu hakukuwa na mtandao, hakukuwa na redio, mzee hakuwa amesikia lolote tangu Jumamosi.

"Nyuma ni Corliss?"

"Corliss."

Akafuta kisu kwenye theluji, upande huu, upande ule. Akasimama, magoti yakalia.

"Shika huu mguu."

"Mimi?"

"Kuna mwingine hapa? Shika! Na usizimie, sina nafasi ya kubeba wawili."

Wakaikata ile nyama mapande, wakaifunga kamba, wakaivuta juu ya matawi dubu asipofika. Tressa alivuta macho kayafumba, mikono inateleza, anasema "Yesu, Yesu, Yesu" kila kamba inaposogea, na Arvid anamwambia, "Yesu alikuwa seremala, angekwisha kumaliza." Saa tisa juu ya alama walikuwa garini. Pikapu ya mzee ilikuwa imezama tope, kwa hiyo walipanda gari linalokohoa.

*

Maili ishirini Tressa alisema yote mwenyewe: kuhusu chuo, kuhusu Bi Garnet, kuhusu mshono wa kizibao. Kisha mzee akakohoa.

"Binti. Wewe unaweza kunyamaza?"

Tressa alifikiri kwa dhati kabisa. "Hapana, mzee. Sijawahi."

"Basi utajifunza leo." Akatazama dirishani. "Nilimpigia kura Corliss."

Gari liliyumba hadi kwenye majani ya kando ya barabara, likarudi.

"Ulimpigia nani?"

"Tazama mbele! Septemba watu wa Mabry walikuja kwangu kumpiga picha na ng'ombe wangu. Wakapiga, wakanywa kahawa yangu, wakaondoka, wakaacha geti wazi. Geti! Mtoto wa miaka mitatu anajua, geti unaliacha kama ulivyolikuta. Mitamba thelathini na nne barabara kuu, binti, na malori yanapita. Nikawapigia simu. Unajua walisema nini? Watanitumia kofia."

"Ilifika?"

"Ilifika. Ndama kaitafuna."

"Lakini bango lako bado liko getini!"

"Nikiling'oa, Leona si atajua? Miaka arobaini na mmoja nimemwambia yeye ndiye aliyepotea. Leo nimwambieje?" Masikio ya mzee yalikuwa mekundu kama kizibao. "Ningefia mlimani kuliko kumpa raha hiyo."

Tressa hakusikia mwisho. Alikuwa anahesabu. Leona, Corliss. Arvid, Corliss. Nyuma kwa moja, ongeza mbili. Akahesabu tena kwa vidole juu ya usukani, maana hesabu nyingine hazitaki kuaminika mara ya kwanza. Mbele kwa moja! Mbele kwa moja, jamani, na aliyeibeba amekaa hapa ananuka damu ya kulungu!

Akapiga ukelele. Arvid akaziba sikio.

"Ndiyo maana nikasema unyamaze. Bahasha zinafunguliwa kesho asubuhi, na Leona anajua kujumlisha. Leo usiku nitamwambia mwenyewe, nyumbani. Lisitoke kwako. Niahidi."

"Naahidi! Naahidi, mzee, naapa! Oh, nitapasuka."

"Pasuka baadaye. Kanyaga mafuta."

*

Saa kumi na dakika hamsini na mbili waliingia mahakamani wanakimbia, mmoja na kizibao cha magotini, mwingine na damu viwikoni. Leona alikuwa kwenye benchi, mkoba juu ya mapaja, na kweli alikuwa amevaa koti la kanisani.

"Unanuka," alimwambia mumewe.

"Kulungu."

"Mkubwa?"

"Matawi sita ya pembe kila upande."

"Mm." Hapo Tressa aliona chembe ya fahari ikipita usoni kwa mama, ikafichwa haraka. "Nawa mikono kwanza, usichafue karatasi ya watu."

Karani aliwapa fomu. Leona akatia sahihi, herufi zimesimama wima kama darasani. Arvid akatia yake polepole, ulimi nje. Karani akalinganisha, akalinganisha tena, Tressa kasimama kwa mguu mmoja, kisha muhuri ukashuka: paa! Saa ukutani ilikuwa imebakiza dakika tatu.

"Haya, mzee," Leona akampiga mumewe bega. "Tumefutana tena. Mwaka wa arobaini na moja."

Arvid akaangalia buti zake. Tressa akauma ncha ya skafu. Simu yake ililia mfukoni, Bi Garnet huyo, na hakuthubutu kuipokea, kwa sababu mdomo ukifunguka tu, basi.

Arvid alisema anakwenda kupasha gari, akatoka haraka kuliko alivyoingia. Leona akamshika Tressa mkono.

"Huyo mtu huwa hasemi safarini. Leo masikio yake yamekuwa mekundu kama ya bwana harusi. Alikuwa anakuambia nini huko njiani?"

"Kuhusu... nyama, mama."

"Hebu jitazame. Hujui kusema uongo hata kidogo. Nini?"

Tressa aliruka ruka pale pale alipo, kama mtu aliyebanwa na haja. Akamkumbatia mama wa watu kwa nguvu, koti la kanisani likachafuka, akamwambia sikioni:

"Kesho, mama! Leo muulize yeye, usimwache alale mpaka aseme. Na kesho, bahasha zikishafunguliwa, tenga kahawa, nakuja mbio, na yote atakayokuwa ameruka nitakuambia mimi, neno kwa neno."