Kiendeshi Kilichowekwa Kando

Mama mwenzangu unayesoma haya, ikiwa mtoto wako anafanya kazi ya kompyuta nyumbani na wewe hupita nyuma ya kiti chake umebeba sinia, pita umefumba mdomo. Mimi sikuufumba, na mwanangu nusura apande basi la Ujerumani kwa sababu yangu.

Jengo letu lina ghorofa sita na vijana wawili tu. Wengine wote wameondoka. Majina yao bado yamebandikwa mlangoni chini, lakini ukibonyeza kengele unaisikia ikilia peke yake ndani ya nyumba tupu, kama nyuki aliyefungiwa. Binti yangu Nevyana hakuondoka kwa sababu alipata kazi isiyochagua mahali: kampuni moja ya mji mkuu ilimpa seva, yaani kompyuta kuu, za maduka ya dawa ya mkoa wetu azitunze. Miezi sita ya majaribio. Akifaulu, anapata mkataba wa kudumu na anabaki kwenye chumba chake kinachotazama mto Danube. Akishindwa, rafiki yake huko Stuttgart alishamwekea kitanda. Kila basi la safari lilipopiga honi kituoni, mimi niliona sanduku lake la bluu likishuka ngazi lenyewe, bila mtu.

Sasa nieleze kosa.

Mchana mmoja wa Agosti nilimpelekea tikitimaji na jibini nyeupe. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na orodha ya mafaili, na katikati swali: Una uhakika unataka kufuta?

"Unafuta nini?" nikamuuliza.

"Kiendeshi cha zamani, mama."

"Ndicho kitu gani hicho?"

Akachukua kipande cha tikitimaji. "Ni kama mkalimani. Programu ya duka la dawa inauliza, 'Bibi Kera ameandikiwa vidonge gani?' Hifadhidata ndiyo ghala lenye majibu yote, lakini haijui lugha ya programu. Kiendeshi kinasimama katikati, kinapeleka swali, kinarudisha jibu. Sasa ghala limebadilishwa, nimeleta mkalimani mpya. Huyu mzee aende zake."

"Kwani ameharibika?"

"Hapana. Mpaka jana alikuwa kazini."

"Mpaka jana! Na leo unamtupa? Nevyana, je, huyo mpya akigoma? Usitupe. Weka kando tu."

"Mama, acha basi."

"Niache nini? Majira yale maduka yalipokuwa matupu, baba yako alifufua redio kwa kifaa alichokitoa kwenye redio iliyokufa miaka kumi nyuma. Tungesikia habari kwa kitu gani, kwa sufuria?"

Akanitazama, akavuta pumzi. Kisha akaandika neno "zamani" mwanzoni mwa jina la lile faili na kuliacha palepale lilipokuwa, ndani ya folda moja na lile jipya.

"Haya. Nimekiweka. Umefurahi?"

"Nimefurahi," nikasema, na nilifurahi kweli. Nilikula tikitimaji langu nimesimama dirishani.

Usinione mjinga. Kwetu hakuna anayetupa. Kila mwenye nyumba ana kijistoo chini ya jengo, chenye mlango wa wavu, na humo mna matairi ya magari yaliyokwisha kufa, vifungo, vipande vya bomba, na chupa za kioo za mboga zilizotiwa siki na lutenitsa, lile rojo letu la pilipili hoho na nyanya. Mimi nina rafu nne. Chupa za mwaka huu husukumwa nyuma, za zamani hukaa mbele zikingoja kuliwa kwanza, na haziliwi. Ipo moja ambayo marehemu mume wangu aliandika mwaka kwa mkono wake kwenye kifuniko. Hiyo hukaa mbele kabisa.

Septemba ikaja. Majaribio ya Nevyana yangeisha Ijumaa. Jumatano asubuhi nilikuwa uani na jiko langu dogo la umeme la kuchomea pilipili, hoho moja inaingia, moja inatoka, ngozi inapasuka, moshi wake mtamu unapanda. Ukungu wa mto ulikuwa bado haujaondoka. Moshi na ukungu vilikutana usawa wa madirisha, jengo likawa kama limekatwa kiuno na ghorofa za juu zinaelea zenyewe. Nadhani nilisinzia na koleo mkononi.

Nikaona mlango mkubwa mweupe. Watu wengi wamepanga mstari, kimya, kila mmoja ameshika karatasi ya daktari. Mbele ya mlango amesimama mzee amevaa koti la mume wangu. Watu wanamwambia shida zao, naye anaugeukia mlango na kusema maneno ya kale, polepole, kwa heshima zote, na mlango haufunguki. Nyuma yake amesimama msichana mwenye ufunguo mpya shingoni, anangoja kupishwa. Hampishi. Wala hana ubaya. Hajui tu kwamba kuna mtu nyuma yake.

"Tsonka! Unachoma pilipili au unachoma nyumba?"

Nikashtuka. Hoho ilikuwa imegeuka mkaa. Bibi Kera wa ghorofa ya tatu alikuwa amesimama mbele yangu na mkoba mtupu.

"Umetoka wapi saa hizi, Bibi Kera?"

"Duka la dawa. Eti kompyuta imelala. Nimemwambia yule binti, mwanangu, ikilala kompyuta itaamka. Nikilala mimi bila vidonge vya moyo, utakuja kuniamsha kaburini?"

"Duka lipi?"

"Yote! La sokoni, la stesheni. Watu wamejaa mpaka barabarani. Na si ndiyo kazi ya Nevyana wako hiyo?"

Nilipanda ngazi mbili mbili, na miguu yangu haipandi hivyo.

Nevyana alikuwa mbele ya kompyuta, nywele zimeshikwa kwa penseli. Jana yake jioni walikuwa wamehamishia kila kitu kwenye mashine mpya, folda zote zilinakiliwa kama zilivyo. Saa mbili asubuhi maduka yalipofunguliwa, maswali yakaanza kuingia na majibu hayakutoka. Sauti ya mkuu wake, Injinia Zapryan, ilikuwa ikitoka kwenye simu iliyolala mezani.

"Nevyana, miunganisho yote imeshikwa. Foleni imejaa."

"Naiona. Nimeongeza nafasi mara mbili, na zote zimejaa tena."

"Neno la siri?"

"Nimelijaribu. Ni sahihi."

"Mtandao?"

"Mashine zinaonana. Zinasalimiana vizuri, halafu kimya."

Mimi nikasogea. "Mwanangu, nimeota..."

"Mama! Sina nafasi ya ndoto!"

Nikarudi nyuma mpaka jikoni. Nilisimama pale na mikono yangu nyeusi kwa masizi, nikisikiliza vidole vyake. Anaandika, ananyamaza, anaandika. Chini uani watu wa jengo walikuwa wakimuuliza Bibi Kera habari, naye akiwasimulia, na kila akisimulia foleni ilikuwa ndefu zaidi. Kisha honi ya basi la saa nne ikalia kituoni. Nilikaa chini.

Saa nzima ilipita hivyo. Alikuwa ameacha kubahatisha, akaanza kusoma kumbukumbu za seva mstari kwa mstari, tangu ilipowashwa. Nikamsikia akisema kwa sauti ndogo:

"Hapana. Hapana, hapana. Injinia, seva ikiwaka huandika jina la kiendeshi inachokichukua, na toleo lake. Hapa imeandika toleo la zamani."

"Si ulikibadilisha Agosti?"

"Kwa mkono wangu huu."

"Fungua folda."

Nikasikia kiti chake kikitoa mlio.

"Vipo viwili," Nevyana akasema. "Cha zamani nilikipa jina jingine, nikakiacha humuhumu. Lakini seva haijali majina, inabeba kila faili la aina hiyo lililomo ndani ya folda. Lolote litakalotangulia ndilo linalofanya kazi. Kwenye mashine ya kwanza kile kipya kilitangulia, bahati tu. Kwenye hii, mpangilio umegeuka. Sasa wa zamani ndiye anayesimama mlangoni, na ghala halimwelewi."

"Kitoe. Washa upya."

Akakitoa. Nilihesabu mapigo ya moyo wangu hadi themanini na kitu. Kisha Injinia Zapryan akasema, "Maswali yanapita. La sokoni limepita. La stesheni nalo," na mimi nikafunika uso kwa mikono yangu, nikasahau masizi.

Halafu akauliza, taratibu, "Nevyana, nani alikiacha pale?"

"Mimi."

Hapo sikuweza. Niliingia chumbani na uso wangu ule. "Si yeye, Bwana Zapryan! Ni mimi, mama yake. Alitaka kukifuta, nikamwambia asitupe, aweke kando. Usimhesabie kosa yeye, mtoto huyu alinitii tu!"

"Mama, toka, tafadhali."

Kwenye simu yule bwana akasema, "Bibi, habari za asubuhi. Wewe una neno la siri la kuingia kwenye seva?"

"Sina."

"Basi si wewe. Nevyana, andika ripoti. Yote. Nitakupigia Ijumaa."

Siku mbili hizo hakunikasirikia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliandika ripoti yake, akanisomea nusu: kwamba aliliacha faili la zamani kwa woga, kwamba saa ya kwanza alibahatisha badala ya kusoma. Jina langu halikuwemo. Alhamisi alilitoa sanduku la bluu chini ya kitanda, akalipangusa vumbi. Nikamwona, akaniona nimemwona. Nilikwenda kumenya pilipili.

Ijumaa simu ililia tukiwa mezani na supu ya maharage.

"Nimeisoma ripoti," Injinia Zapryan akasema. "Baada ya kuisoma nikaamuru seva zote zikaguliwe. Tumekuta nyingine nne zina viendeshi vya zamani vimejificha pembeni ya vipya. Kimoja nilikiacha mimi mwenyewe miaka mitatu nyuma. Mama yangu naye ana kijistoo." Akakohoa. "Mkataba umo kwenye barua pepe. Jumatatu utaanza na hizo nne. Na mwambie mama yako apike, asishauri."

Nevyana aliweka kijiko chini, akalia, akacheka. Mimi nililia tu.

Jumamosi alinishika mkono tukashuka chini kwenye kijistoo. Akasimama mbele ya rafu zangu kama anavyosimama mbele ya orodha zake.

"Sikwambii utupe, mama. Tunza. Lakini si rafu moja na za mwaka huu. Mtu akija na haraka atachukua iliyo mbele."

"Na ya baba yako?"

"Ya baba hasa."

Tulizitoa moja moja, zile za zamani, tukizifuta kwa kitambaa. Wekundu wake umegeuka kahawia, kama mto unavyogeuka jioni. Hatukuwa na kasha la kuzitia. Akapanda juu, akarudi na sanduku la bluu, akalifungua sakafuni. Tukazipanga humo zimeviringishwa magazeti, na ya baba yake katikati, mwandiko ukitazama juu.

Lilipofungwa tulijaribu kuliinua, mimi upande huu, yeye upande ule. Halikusogea hata upana wa kidole. Tukaliacha pale pembeni, peke yake. Kwa mbali basi likapiga honi kituoni, nami nikaendelea kupanga chupa mpya, zile za mwaka huu, mbele.