Farasi wa Hegesikles Akanyaga Maji

Kila mwaka mji wa Kiziko ulipopata mtunza hazina mpya, Mandron alipata picha mpya ya kuchonga kwenye chapa ya kugongea sarafu. Mwaka juzi ilikuwa kichwa cha simba. Mwaka jana mbwa mwenye mabawa, na hakuna aliyeuliza mbwa huyo alitoka wapi. Mtunza hazina alichagua alichokipenda, awe mnyama awe mungu, ilimradi pembeni au chini ya picha alale samaki mmoja, jodari. Huyo hakuagizwa na mtu. Mandron alimweka mwisho kabisa, kama mpishi anavyotupia chumvi, mkono ukienda wenyewe.

Mwaka huu zamu ikamwangukia Hegesikles, naye akamtaka farasi.

"Si farasi tu. Farasi wangu," alisema, na ili pasiwe na ubishi alikuja naye mpaka karakana. Yule mnyama akaingiza kichwa mlangoni na kula shayiri yote ambayo Artemo, mkewe Mandron, alikuwa ameianika ungoni.

"Ameshinda mbio tatu," akasema Hegesikles. "Kwa hiyo kwato zote nne zionekane. Alishinda kwa kwato, hakushinda kwa masikio."

"Zikionekana zote nne, mheshimiwa, jodari atakaa wapi?"

"Asikae. Mtu anatoa dhahabu, mwenzake anaziba pua! Mji mzima unajulikana kwa harufu ya samaki, na bado tunaipiga chapa?"

"Lakini desturi—"

"Mandron. Mji jirani, Lampsako, yuko mtu anachonga farasi hata usingizini. Nimwite?"

Mandron akafunga mdomo. Benchi lile alilikalia miaka thelathini, tangu baba mkwe alipomwachia. Magoti yake yalishapinda kwa umbo la benchi, na macho yake hayakuona tena chochote kilicho mbali kuliko urefu wa mkono. Akiondolewa pale angekwenda kufanya nini, kuvua?

Hegesikles alipoondoka, Artemo, ambaye alikuwa akiuza jodari wa chumvi karibu na lango la bandari, alisimama mbele ya mumewe na ungo mtupu.

"Umekuwa bubu?"

"Nimetumia busara, mama."

"Afadhali bubu. Yeye angalau hana hiari."

Siku tisa Mandron alichonga. Chapa huchimbwa kinyumenyume. Unapochimba ndani, ndipo sarafu itakapotokeza nje. Akachimba pua za farasi, mishipa ya shingo, kwato nne kila moja na kivuli chake. Farasi akaijaza chapa yote. Kusema kweli alikuwa mzuri sana, na Mandron alipokandamiza nta ndani yake na kuibandua, alicheka peke yake kwa furaha. Zikagongwa sarafu hamsini za dhahabu ile yetu nyeupe iliyochanganyika na fedha, tayari kununulia ngano ya mji.

Ngano ikaja na Posideos, mfanyabiashara wa Olbia ng'ambo ya bahari, mtu mnene mwenye sauti ya kuita merikebu ya pili. Walikutana gatini, Hegesikles akiwa amevaa joho la sherehe na amemleta Mandron nyuma yake ili asifiwe. Posideos akachukua sarafu moja. Akaangalia mgongo wake, palipokuwa na lile bonde la pembe nne linaloachwa na mpigo wa nyundo, kama kawaida. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Samaki yuko wapi?"

"Pima," akasema Hegesikles. "Uzito ni uleule."

Ikapimwa. Ulikuwa uleule.

"Uzito nimeuona. Samaki sijamwona."

"Samaki anaongeza nini kwenye dhahabu, wewe?"

"Nisikilize, mkubwa," Posideos akasema, sasa kila mpagazi gatini akisikia. "Mimi hii sili. Nitampa mtu, naye atampa mtu, mpaka imfikie yule Mskithi wa mwisho huko bara mwenye mkokoteni wa ngano. Yule hajui kusoma. Hajui Kiziko iko mashariki au magharibi. Farasi wako hamjui. Samaki anamjua, na baba yake alimjua. Nikimpa farasi, na yeye atanipa farasi, tena chongo!"

Wapagazi wakaangua kicheko.

"Kwetu Olbia," akaendelea Posideos, "pesa ndogo tunazisubu zenyewe kwa umbo la pomboo. Wageni wanatucheka. Wacha wacheke! Hakuna aliyewahi kuuliza ni za nani. Sasa mimi kesho asubuhi natweka. Kama samaki hayupo, ngano itashushwa Lampsako."

Hegesikles akageuka, uso mwekundu. "Mnamwona huyu? Mchonga chapa wa miaka thelathini anamsahau jodari!"

Kicheko kikakatika. Gati zima likamtazama Mandron, na hapo akajua kwamba benchi limeshaanza kumtoka. Mchonga chapa wa Kiziko anayemsahau jodari ni sawa na mwokaji anayesahau unga.

"Sikusahau," akasema. "Niliambiwa asikae, nami nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kosa langu. Nipeni mpaka jua lishuke."

Hegesikles hakubisha; watu walikuwa wengi. "Ukishindwa," akanong'ona, "usirudi kwenye lile benchi."

Karakanani Mandron alimweleza Hegesikles waziwazi. "Chapa inachimbika, haizibiki. Kila mahali pana farasi. Nikitaka jodari itanibidi nichimbe chini zaidi, apite mbele ya miguu. Atafunika kwato."

"Mbili."

"Jodari wa kufunika kwato mbili tu ni dagaa, mheshimiwa."

"Tatu, basi! Ile ya mbele iache!"

"Zote nne. Ama ngano iende Lampsako."

Hegesikles akakaa juu ya gogo na kujishika kichwa. "Chimba."

Mandron akashika tindo, na mkono ukagoma. Jodari wa miaka thelathini alikuwa amewachonga bila kuwatazama, na sasa alipolazimika kumfikiria mmoja, hakukumbuka hata mapezi yanaanzia wapi. Artemo aliangalia kwa muda, akatoka, akarudi na jodari mzima, akambwaga benchini, pwaa, hadi Hegesikles akaruka.

"Huyo hapo. Mtazame vizuri, naye hajalipiwa."

Mandron akamtazama. Kumbe kati ya pezi la mgongo na mkia kuna vipezi vidogovidogo vimejipanga kama meno ya kitana. Miaka yote alikuwa akiviwekea nukta tu. Akavichimba kimoja kimoja, kina zaidi ya mguu wowote wa farasi. Donge la dhahabu likapashwa moto, likalazwa kwenye chapa, nyundo ikashuka.

Farasi alionekana anakanyaga maji ya kina kifupi, na jodari amepita mbele yake, mnene, mwenye haraka zake.

Gatini Posideos aliipokea huku akizungumza na mtu mwingine. Hakuiangalia. Alipitisha kidole gumba juu yake tu.

"Huyu hapa. Shusheni ngano!"

"Na farasi?" akauliza Hegesikles.

"Farasi gani?"

Zile hamsini zikarudishwa kwenye moto usiku uleule, zigongwe upya na jodari, kwa amri ya Hegesikles mwenyewe. Asubuhi alipita karakanani, bila joho, akasimama mlangoni akimwangalia Mandron akinoa tindo.

"Mwakani hapa atakuja mwingine," akasema.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Naye atakuwa na lake analolipenda. Wewe utakuwepo. Mwambie aanze na samaki, halafu ndipo akuulize nafasi iliyobaki ni kiasi gani."

"Na akikataa?"

"Mlete kwangu," akasema, akaenda zake kuangalia magunia yakihesabiwa.