Michirizi ya Dereva

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Mama Deki alikuwa amepiga magoti kwenye korido ya shule, mswaki mkuukuu mkononi, anasugua. Michirizi ilikuwa miwili, myeusi, inakwenda sambamba kutoka juu ya mteremko wa kuingilia mpaka mlango wa darasa la pili. Karibu na ofisi ilipinda kidogo kuelekea ubao wa matangazo, kwa sababu aliyeichora hapiti pale bila kusoma.

Aliyeichora alikuwa mwanawe mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye benchi la nje na kikombe cha chai, anasubiri kengele kama mtumishi mwingine yeyote, maana mtoto wa mfagizi hufika shuleni kabla ya jua.

Wenzake walimwita Dereva. Alikuwa na miaka minane na mtindio wa ubongo aliozaliwa nao. Kichwa chake kilikuwa kizima, hesabu za darasa la tatu alikuwa anazichungulia tayari. Miguu tu ndiyo ilikuwa haisikii amri: ilikakamaa, ikapishana kama mikasi. Hospitali walimpa kigari cha kutembelea, bomba za alumini zenye magurudumu mawili mbele na mipira miwili nyuma. Hakikai kifuani, kinamkaa mgongoni, ili asimame wima asiinamie mbele. Njiani watu hawakuchoka kuuliza kwa nini mtoto anavutishwa mkokoteni.

Kabla ya kigari alibebwa mgongoni, akawekwa kwenye dawati, akaachwa hapo mpaka saa za kurudi nyumbani. Katika siku hizo alijifunza jambo ambalo hakuna mwalimu aliyemfundisha: asiyekunywa haendi chooni, na asiyekwenda chooni habebwi na mtu. Mama yake aligundua midomo ilipoanza kupasuka na mkojo kumchoma mpaka akalia. Kigari kilipokuja, wiki ya kwanza Dereva alikwenda chooni mara nne asubuhi moja, bila haja yoyote, kwa raha tu ya kwenda. Tangu hapo anakunywa chai, maji, uji, chochote kinachomiminika.

Shida ikaja kwenye mipira. Ile ya hospitali iliisha ndani ya miezi minane. Mama Deki alikwenda mara tatu kuomba mingine, kila mara akipoteza siku ya kibarua na nauli ambayo nayo haikukaa mahali pamoja. Fundi wa vifaa alimjibu jibu lile lile bila kuinua uso: "Imeagizwa, mama." Mwishowe akakata tairi bovu kwa kisu, akatengeneza mipira yake mwenyewe. Ilishika vizuri, mtoto hakuteleza hata mara moja. Ila ilichora. Kwenye sakafu ya zamani ya saruji hakuna aliyejua. Wiki tatu zilizopita korido ikawekwa marumaru nyeupe, na kila mtu akajua.

"Imetoka?"

Alikuwa Mwalimu Mkuu, ambaye wote walimwita Madam, amevaa gauni jipya, na kikaratasi cha bei amesahau kukitoa kwapani.

"Shikamoo, Madam. Inatoka."

"Marahaba. Mgeni anafika saa nne kufungua korido. Sasa sikiliza. Leo hicho kigari kikae stoo. Mbebe mtoto umweke darasani. Mgeni akishakata utepe ataingia kupiga naye picha, amekaa vizuri, ameshika ua."

"Na akitaka kwenda nje, Madam?"

"Si wewe upo?"

"Umeniambia nigawe soda kwa wageni."

Madam alitazama saa. "Basi ajikaze. Ni leo tu."

"Na kesho?"

"Kesho tutaona. Marumaru hizi nimezihangaikia miaka minne, mama. Siwezi kumwonyesha mgeni zikiwa zimechorwachorwa."

Kwa hilo hakusema uongo. Alikuwa ameketi kwenye mabenchi ya ofisi nyingi, amerudishwa na makarani wengi, na fedha zilipatikana kwa sharti moja: pajengwe mteremko kwa ajili ya watoto wenye ulemavu. Mteremko ulijengwa, ukapakwa rangi, ukawekewa kibao. Katika shule nzima aliyeuhitaji alikuwa mtoto mmoja, huyu anayetakiwa kubebwa leo ili asiuchafue.

Mama Deki aliyajua hayo yote, lakini aliinamia mswaki wake tena. Kibarua chake kilikuwa cha mwezi kwa mwezi, na kalamu ya kukiongeza ilikuwa ndani ya mkoba wa Madam.

Alipogeuka alimkuta mwanawe anarudisha chai ndani ya chupa, polepole, bila kumwaga tone.

"Mimi nimeshiba," alisema Dereva.

"Hata hujanywa."

"Nimeshiba, Mama."

Mama Deki aliumia. Na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akamkasirikia aliye karibu. "Kunywa chai hiyo. Siku hizi sukari haishikiki, wewe unaichezea." Dereva alifunga kifuniko cha chupa, akakikaza kwa mikono miwili.

Stoo ilikuwa chini ya Mzee wa Stoo, mtu aliyehesabu chaki kama dhahabu. Alikipokea kigari, akakizungusha, akaandika kwenye daftari lake, kati ya mifagio kumi na minne na ndoo sita: kigari kimoja. "Weka saini hapo," alisema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo na sisi tutaonja soda."

Kumbeba mtoto wa miaka minane ambaye miguu yake haikunjiki si mchezo. Magoti yalimgonga mama kiunoni kila hatua.

"Unanibeba kama gunia," Dereva alimnong'oneza sikioni.

"Gunia halina mdomo."

Darasani mtoto mmoja aliuliza, "Dereva, gari limekufa?"

"Lipo gereji," alijibu, na darasa likacheka. Kisha akalaza kichwa juu ya dawati, asicheke nao.

Saa nne ilifika, mgeni hakufika. Saa tano ikapita. Watoto waliopangwa juani kuimba walianza kukaa chini mmoja mmoja. Saa tano na nusu magari mawili yaliingia, vigelegele vikapigwa, hotuba ikaanza. Mama Deki alikuwa anapita na kreti la soda nyuma ya madarasa alipochungulia dirisha la darasa la pili. Mlango ulikuwa umefungwa. Dereva alikuwa amekaa palepale alipomweka, ua la plastiki limedondoka sakafuni, mikono yote miwili ameibana katikati ya mapaja. Alikuwa anatazama ubaoni, lakini hakuwa anasoma kitu.

Hakunywa chai, ni kweli. Lakini mwili hauna adabu ya kusubiri wageni.

Mama Deki aliweka kreti chini, akaenda stoo.

"Mzee, nipe kigari."

"Hicho kimeingia kwenye daftari. Kinatoka kwa amri ya Madam."

"Andika kimetoka."

"Niandike sababu gani? Hapa pana nafasi ya sababu."

"Andika: mwenyewe anakwenda chooni."

Mzee wa Stoo alivuta daftari. Alikuwa na wajukuu. Akalamba ncha ya kalamu, akaandika neno kwa neno, akamgeuzia daftari atie saini.

Mwalimu wa darasa la pili alikuwa kijana, alisimama mlangoni akaanza, "Mama, Madam amesema..."

"Madam amesema ajikaze. Amejikaza tangu saa mbili. Wewe ungeweza?"

Kijana alisogeza dawati ili kigari kipite.

Dereva alishika vishikio, akavuta pumzi, akainuka. Nyonga zilisogea mbele, mgongo ukanyooka, akawa mrefu kuliko alivyokuwa asubuhi nzima. Hatua moja. Ya pili. Vyoo vilikuwa mwisho wa korido, upande wa pili wa mteremko, na hapakuwa na njia nyingine.

Wageni walikuwa wamejazana hapo. Mgeni rasmi, mkasi mkononi, alikuwa anasoma kibao kwa sauti. "Njia ya Watoto Wenye Mahitaji Maalumu. Safi sana. Mnao wangapi?"

"Yupo mmoja, mheshimiwa," alisema Madam. "Yupo darasani, ametulia, tutakwenda kumwona."

Nyuma yake gurudumu lililia kwa kukosa mafuta. Krii, krii.

"Shikamooni," alisema Dereva. "Samahanini, napita."

Walimpisha, wangefanyaje? Alipita katikati ya suti na magauni, jasho linamtiririka, na nyuma yake kwenye marumaru nyeupe ikafuata michirizi miwili myeusi. Mpiga picha alichangamka. "Mtoto, hebu simama hapo kidogo, tazama huku."

"Siwezi," alisema Dereva bila kugeuka. "Nina haraka."

Watu walicheka. Madam alicheka nao, kisha akamsogelea mama, meno yakiwa bado nje. "Chukua deki. Sasa hivi."

"Akirudi atachora tena."

"Nimesema futa."

"Sifuti, Madam."

Hakulisema kwa sauti kubwa, lakini mgeni alilisikia. Alitazama sakafu. "Hii inatoka kweli?"

"Inatoka, mheshimiwa," Madam aliwahi. "Kwa sabuni tu."

"Natoa kila siku na kila siku inarudi," alisema Mama Deki. "Mkitaka isirudi, leteni mipira. Hospitali wanasema imeagizwa. Huu mwaka wa pili inaagizwa."

Mgeni aligeukia msaidizi wake. "Andika hilo." Msaidizi aliandika. Pengine mpaka leo limeandikwa. Utepe ukakatwa, soda zikanywewa, na hakuna aliyekumbuka picha ya mtoto na ua.

Saa tisa Madam alimwita ofisini. Hakufoka. Alionekana amechoka.

"Nilikuomba siku moja tu, mama."

"Wewe umeniomba siku moja, Madam. Yeye alishakaa kwenye dawati miaka."

"Kesho usije kazini."

Mama Deki aliitikia, akaenda kuvua aproni. Jioni ile nyumbani aliogopa, tusidanganyane. Alitazama unga uliobaki, akatazama mlango, akakumbuka mwenye nyumba anavyobisha hodi. Alifikiria kurudi kuomba radhi, hata maneno akayapanga kichwani.

Asubuhi, kabla hajayasema kwa mtu yeyote, Dereva alisogeza kikombe chake mezani. "Jaza, Mama. Mpaka juu."

Walifika getini kengele inagongwa, kama wazazi wengine. Mlinzi alishangaa. "Mama Deki, si nasikia umeachishwa?"

"Kazi, ndiyo. Uzazi bado. Nimemleta mwanangu shule."

Kwenye korido Mzee wa Stoo alikuwa amekunja suruali, amepiga magoti, anasugua michirizi ya jana na kuguna. Madam alikuwa mlangoni pa ofisi. Alifungua mdomo, akamwona mzazi, akaufunga.

"Shikamoo, Mzee," alisema Dereva. "Samahani, napita."

Mzee wa Stoo alivuta ndoo yake pembeni. Kigari kilipita palepale alipokuwa ametoka kusugua, kikachora upya. Karibu na ofisi Dereva alikata kona kama kawaida yake, akasimama mbele ya ubao wa matangazo. Palikuwa na karatasi mpya, mwandiko wa Madam.

"Mama," alisema, kidole kinafuata mstari. "Wanatafuta mfagizi."

"Waache watafute," alisema mama yake. "Ingia darasani. Na ukiona kiu, kunywa maji."