Wimbo Mpya wa Bendi ya Fujo

Mwaka themanini na moja, tulipokuwa wanafunzi huku ughaibuni, karibu na mtaa wa U Street, tulikuwa na bendi. Wazungu waliuita muziki wetu post-punk. Sisi tuliuita fujo, na bendi ikaitwa Fujo. Kalisti alipiga gitaa, Respicius ngoma, na mimi Euphrasia nilipayuka. Sikuimba, nilipayuka, hadi mishipa ya shingo ikasimama. Halafu maisha yakatutawanya. Mwaka elfu mbili na sita, tukiikaribia hamsini, Kalisti akatupigia simu: turudi.

Kurudi kwenyewe kulikuwa uchovu juu ya uchovu. Mimi nauguza wazee katika mji wa Falls Church. Jumamosi natoka shifti, nakaa kwenye foleni ya magari ya barabara ya Beltway, nateremka kwenye chumba cha chini cha nyumba ya Kalisti kule Beltsville, miguu imevimba. Lakini nilikwenda, kwa sababu nilikuwa na wimbo. Wimbo wa polepole, wa sauti ya chini, ile ninayomtulizia mzee anayeamka hajui yuko wapi. Jamani, nilikuwa nimechoka kupayuka. Nilitaka angalau mara moja nisikilizwe.

Kalisti hakuupenda. "Dada, watu watalala." Tukabishana, akakubali shingo upande: tutaupiga mara moja kwenye onyesho letu la kurudi, kule mtaa wa Shaw. Usipowashika watu, tunabaki na za zamani, basi.

Tatizo lilikuwa Respicius. Siku moja mazoezini, Kalisti yuko juu anachemsha chai, nilimwita Respicius kwa nyuma. Kimya. Nikamwita tena. Nikamtukana tusi la kwetu Bukoba ambalo hata maiti angegeuka. Wapi! Nikamzunguka, akanitazama mdomo.

"Masikio yamekwisha, dada," akasema. "Usimwambie Kalisti. Ataleta mashine ya ngoma. Nikikosa hizi Jumamosi, nitaamkia nini mimi?"

Siri yake nikaitunza. Wimbo wangu nikaupandisha juu ya mdundo wa wimbo wetu wa kwanza, maana huo mikono yake inaujua hata usingizini, ila tukaupunguza kasi. Mazoezini nilikaa mbele yake, akafuata mdomo wangu, na ulitoka vizuri, Mungu shahidi.

Jumapili mchana ukumbi wa Shaw ukajaa. Vijana wetu wa zamani walikuja na vipara na vitambi, na Watanzania na Wakenya wa makanisani wakaja kutuchungulia. Jukwaani ilibidi nimpe Respicius mgongo. Tulipatana aanze nikiinua mkono.

Nikaimba mstari wa kwanza, wa pili. Ukumbi kimya. Mama mmoja mbele akafumba macho. Walikuwa wananisikiliza! Nikainua mkono, Respicius akaingia polepole, barabara kabisa. Watu wakautambua mdundo wa zamani, wakaanza kupiga makofi, haraka haraka, kama enzi zile. Respicius akaona mikono yao. Akadhani ndiyo kasi yetu, akaifuata.

Wimbo wangu hauimbiki kwa kasi ile. Kalisti akanikodolea macho, kisha akamgeukia Respicius, uso umeanza kuuliza. Ningesimama, Kalisti angejua. Ningeendelea, wimbo ungevunjika na angejua vilevile. Ukubwa jalala. Nikavuta pumzi, nikapayuka maneno ya wimbo wa zamani kana kwamba ndivyo tulivyopanga. Ukumbi mzima ukasimama. Kalisti akacheka, akaongeza sauti ya gitaa.

Baadaye akanipiga bega. "Umeona mwenyewe, dada. Wanataka zile zile. Ule mwingine tuuache."

Nikasema sawa. Iliniuma, tena sana, lakini nikasema sawa.

Nilimpa Respicius lifti. Koo limekauka, na jioni nina shifti. Kabla sijawasha gari akanishika mkono, machozi yanamlengalenga.

"Wimbo wako, dada! Wamesimama wote! Sasa Kalisti hana la kusema." Akapangusa macho kwa kiganja. "Na maneno? Waliyasikia?"

Nikamgeuzia uso, auone mdomo vizuri.

"Yote, kaka," nikasema. "Hakuna hata neno lililopotea."