Kandili Zenye Mtu

Mama Mapete alichonga penseli kwa wembe, akapuliza vumbi lake pembeni lisije likaangukia karatasi, akachora pete ya mwisho. Kazi yake pale kiwandani ilikuwa kuchora matufe ya kioo ya kandili za betri, zile za kubeba mkononi. Tufe la kandili si kioo cha kuzuia upepo tu. Ndani yake mna balbu ndogo, na balbu ikiachiwa uhuru wake humwaga mwanga ovyo, nusu darini, nusu sakafuni, aliyeibeba akabaki anapapasa. Kwa hiyo nje ya kioo huzungushwa pete nene, moja juu ya nyingine, kila moja na mlalo wake, ziukamate mwanga unaotoroka na kuupindisha uende mbele. Pete zake zilisifika, ndiyo maana jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahaulika, hata na mlipa mishahara.

Alichorea katika chumba cha ghorofani chenye meza mbili na dirisha lililo juu ya tanuri. Ya pili haikuwa na mtu. Zamani, saa ya chakula, mumewe alikuwa akipanda kutoka kwenye tanuri, anakaa hapo na aproni yake ya ngozi, anakula huku anamkosoa. "Pete hii imelala mno, mke wangu. Itakoroma." Alikuwa fundi wa tanuri, hakujua kuchora hata yai, lakini mdomo alikuwa nao.

Alikufa mwaka uliopita, chungu cha tanuri kilipopasuka na kioo kilichoyeyuka kikamwagika. Alifia mbele ya tanuri, saa za kazi, aproni mwilini. Kiwanda kilisema hakuwepo kazini. Kilisema alitoka asubuhi, akarudi kwa mlango wa nyuma kwa shughuli zake binafsi, na katika shughuli hizo mauti yakamkuta. Wenzake wa tanuri walipoulizwa, walitazama viatu vyao wakasema ndiyo, hakuwepo. Kila mmoja alikuwa na watoto wa kusomesha. Basi ikawa hivyo, kwamba mtu alikufa kazini siku ambayo hakuwepo kazini.

Neno hilo lilimtesa mjane kuliko msiba wenyewe, maana lilimfuata mpaka nyumbani. Aliishi na mama mkwe, na mama mkwe alilichukua neno akalipeleka mbali. Kama mwanawe hakuwepo kazini asubuhi ile, alikuwa wapi? Mtaani walikuwa na majibu tayari, na kila jibu lilikuwa limevaa gauni.

"Lisemwalo lipo," alisema mama mkwe akikunja nguo, "kama halipo laja."

Tangu siku hiyo hakumtaja mwanawe tena, wala hakumlilia. Wanawake wawili walikula meza moja wakisikilizana wanavyotafuna. Mama Mapete alitaka kitu kimoja tu duniani, meneja aseme mumewe alikuwepo. Alishapanda kwenda kumwomba, akashuka mikono mitupu, akapanda tena, akashuka vilevile.

Kiwandani walikuwa na msemo wao, kioo hakitupwi. Kikivunjika, kikimwagika, hukusanywa kwa beleshi kikarudishwa tanurini, kwa sababu mchanga mpya huyeyuka upesi ukichanganywa na vigae vya zamani. Kioo kilichomwagika siku ile nacho kiliwekwa kwenye kona ya ghala, chini ya turubai. Zamu yake ilipofika kikachotwa, kikayeyushwa, kikamiminwa kwenye kalibu ya tufe jipya la Mama Mapete.

Tufe la kwanza lilipopoa alilipeleka chumba cha giza, kisicho na dirisha, chenye ukuta mweupe uliochorwa miraba. Mpimaji wa mwanga, mzee mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kwenye paji la uso, alilifunga kwenye kandili, akawasha.

Mumewe alikuwa ukutani, kimo chake kilekile. Alikuwa amevaa aproni, anakoroga kioo kwa fimbo ndefu ya chuma, anajifuta jasho kwa kiwiko. Hakuwa na sauti. Tanuri lilikuwa jekundu mbele yake.

Mpimaji alisogeza kifaa chake mraba hadi mraba.

"Dada, pete zimekaa vizuri," alisema. "Ila hapa katikati kuna mtu."

"Ni mume wangu."

"Ahaa. Pole sana." Akabadilisha miwani. "Anakula mwanga. Angekuwa mwembamba kidogo tungepita."

"Hakuwahi kuwa mwembamba," alisema Mama Mapete. Alikuwa hajamwona siku nyingi.

Walijaribu tufe la pili na la tatu, fundi alikuwemo mote. Wakatulia wakamtazama. Aliacha kukoroga, akainama kwenye chungu, akapitisha kidole hewani kufuata ufa uliokuwa ubavuni mwa chungu. Akaita mtu. Meneja akaingia kwenye mwanga na tai yake shingoni. Fundi akamwonyesha ufa. Meneja akatazama saa, akatikisa kichwa, akaelekeza mkono kwenye tanuri kwamba kazi iendelee, akatoka. Fundi akaokota fimbo yake. Hapo Mama Mapete akazima kandili, kwa kuwa alijua kinachofuata. Alipoiwasha tena, mwanga ulianza upya, tangu asubuhi.

Alipanda ngazi kumwita meneja mbiombio kama msichana. Moyoni alisema leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo.

Meneja alikuja, akasimama na mikono mfukoni, akatazama mpaka alipojiona mwenyewe akiingia na kutoka.

"Ile suruali bado ninayo," alisema. Kisha akasema, "Mama Mapete, kazi nzuri. Huyu lakini atoke."

"Nani atoke?"

"Huyu mzee wetu. Mteja ananunua mwanga, hanunui mtu."

"Kwa hiyo unamwona, bosi."

"Namwona. Mimi si kipofu."

"Basi sema alikuwepo."

Meneja alitazama ukuta. Fundi alikuwa amekaribia kumwonyesha ufa kwa mara nyingine.

"Mama, jambo hili lilishazungumzwa likafungwa. Hakuwepo. Na asiyekuwepo na lake halipo."

"Si huyo hapo?"

"Huyo hapo, ndiyo. Lakini siku ile hakuwepo." Alisema bila ukali wowote, kama anayemwelekeza mgeni njia ya kwenda posta. "Tusichimbue. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mwanaharamu yupi, bosi?"

Mpimaji alipatwa na kikohozi. Meneja akasubiri kiishe, ndipo akaeleza. Kioo cha ghala zima kilikuwa kimeshachanganyika na hicho, na kioo hakitupwi. Ama yeye azipange upya pete zake, ama matufe yote yapigwe mchanga yawe na ukungu, na kwenye ukungu hakuna anayeonekana. Achague mwenyewe. Akamtakia mchana mwema.

Mama Mapete alirudi kwenye meza yake, akachonga penseli upya. Alikuwa na hasira ya kuvunja dirisha. Lakini ukungu ungemfuta kabisa, na yeye alishampoteza mara moja. Tena, mchora pete anajua kwamba mwanga haupotei. Ukiufungia mlango huu utatokea mlango ule. Alizipindua pete za katikati kidogo sana, mlalo ambao mumewe angeuita wa kusinzia, ili kila kilichokuwa kinakwenda mbele kikiwa na umbo la mtu kielekee juu. Alilia akichora, uso kaugeuzia pembeni machozi yasiharibu karatasi. Kazi haikuwa ngumu. Hilo nalo lilimliza.

Kalibu mpya ikachongwa. Ukuta wa chumba cha giza ukawa mweupe mraba hadi mraba, mpimaji akaridhika, na meneja akasema hakuna kama Mama Mapete. Fundi alikuwa darini, anakoroga. Hapana aliyeinua shingo.

Kandili zikauzwa mjini na mbali zaidi. Wanunuzi hawakulalamika. Mwenye taa mkononi hutazama miguu yake inapokanyaga, na wachache waliotazama juu walidhani ndivyo kandili za siku hizi zilivyo. Mlinzi mmoja wa ghala la nafaka alisema yule bwana wa juu anajituma sana, ila si mtu wa salamu.

Mama Mapete aliweka moja nyumbani, kabatini, hakuiwasha. Jioni moja umeme ulikatika kabla ya chakula, na mama mkwe akaanza kugongagonga vitu akitafuta kiberiti. Hapo akaitoa, akaiweka sakafuni, akabonyeza swichi. Chumba kikajaa mwanga mzuri, sawasawa, kazi ya mikono yake. Mama mkwe alimshukuru, kisha akamwona anavyotazama dari, naye akatazama.

Alitandika mkeka, akajilaza chali taratibu kwa sababu ya mgongo, akapiga mkeka kwa kiganja. Mama Mapete akalala kando yake. Juu yao fundi alikoroga, akajifuta jasho, akainama, akaona ufa.

"Na huyu mwenye tai?"

"Meneja, mama."

"Anasemaje?"

"Anasema waendelee."

Mama mkwe akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe alikuwepo mwanangu," akaanza kumlilia, kilio cha mwaka mzima, mkono mdomoni. Mama Mapete akamshika bega. Kiwandani neno lilikuwa lilelile, na kesho yake angelikuta lilelile. Mtaani, majibu yaliyovaa gauni yangeendelea kupita dirishani.

Meneja alitoka. Fundi akaokota fimbo. Mama Mapete akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Mwache," alisema mama mkwe. "Kidogo tu."

Akamwacha. Hakuwahi kumwacha afike hapo. Fundi alisimama na fimbo mkononi, akageuka, na kwa mara ya kwanza akainua uso. Alitazama juu, kwenye ghorofa, kwenye dirisha la chumba chenye meza mbili.

"Anamtafuta nani huko juu?"

"Ananitafuta mimi, mama. Nilikuwa nachora."

Mama Mapete akamwita mumewe kwa jina lake, lile la ndani ambalo mtu mwingine hakulijua. Alimwita kwa sauti, kutoka chini, chali kwenye mkeka. Kule darini fundi alizidi kutazama juu kwa muda, akashusha uso, akaendelea na kazi.