Fremu ya Mwisho

Watoto wa marehemu Célestin Nizeyimana walipotaka kitabu cha kumbukumbu cha siku ya kuondoa matanga, kazi ilimwangukia Igihozo. Alikuwa akipanga vitabu kwa kompyuta katika duka moja la uchapaji mtaani Keshero. Tena alikuwa mtoto wa marehemu, kitinda mimba, ila wa inje. Mama yake hakuolewa.

"Wewe ni damu yetu," yaya Apolline, dada yao mkubwa kuliko wote, alimwambia kwenye simu. "Na wewe uandike neno lako kwa papa."

Hakuwahi kuambiwa hivyo. Aliandika jinsi papa alivyokuja shuleni kwake, akasimama nyuma ya ukuta wa mawe meusi, akampa maparachichi ya Rutshuru yaliyofungwa katika kitambaa chake cha mfukoni. Kitambaa anacho hadi leo.

Angeweza kuyatenga maneno yake katika fremu yake, yaani kisanduku cha maneno kwenye ukurasa, isiyoungana na nyingine yoyote, yasiguswe na mtu. Hakutaka. Alitaka watoto wote wafuatane kama walivyozaliwa, mnyororo mmoja, fremu moja ikijaa maneno yamiminike katika inayofuata. Kisha akaiandikia kompyuta amri za kujirudia: ingia kwenye fremu, nenepesha herufi za jina la mtoto, uliza kama mbele kuna fremu nyingine, ikiwapo endelea, isipokuwapo simama.

Ndugu zake wakawa wanatuma nyongeza. Kila aliyeongeza sifa zake kwa papa alimsukuma Igihozo kuelekea mwisho, mpaka akabaki peke yake kwenye ukurasa wa nyuma.

Siku ya kuchapa Apolline alikuja mwenyewe, akiwa bado na kitenge cha kilio.

"Huku nyuma tutaweka picha ya papa na mama. Toa hii maandiko."

Igihozo akaifuta fremu ya mwisho, akaziendesha tena amri zake. Zikapita fremu kwa fremu, zikafika ukingoni, zikasimama. *Imekamilika*, kompyuta ikasema. Ni yeye aliyeifundisha kusema hivyo.

"Mbona unatoka jasho kama mutu wa kusukuma chukudu na mizigo?" Apolline alicheka, kisha akainama karibu na kioo cha kompyuta. "Na hii alama nyekundu?"

"Ni maneno yaliyokosa nafasi, yaya. Ni yangu. Nikipunguza herufi kidogo tu, yote itaingia."

"Mama hataweza kusoma herufi ndogo. Hiyo nyekundu itatoka kwenye karatasi?"

"Hapana. Haitatoka."

"Basi iko muzuri."

Hakuyafuta. Aliyaacha palepale, nyuma ya alama nyekundu, ambako kompyuta huyahifadhi yasiyo na pa kukaa, kisha akachapa.

Siku ya kuondoa matanga walimweka mlangoni mwa ukumbi wa kanisa agawe vitabu. Bibi mmoja aliyeteremka kutoka Masisi alikigeuzageuza chake, akapapasa karatasi kwa kidole.

"Kizuri sana. Ni mutoto gani wa Célestin amekitengeneza?"

Apolline alikuwa amesimama karibu, akiwapokea wageni. Aligeuka, akamtazama Igihozo, akangoja.

"Si mtoto wake, bibi," Igihozo akasema, akimnyooshea kitabu mgeni aliyefuata. "Mimi ni wa kwenye duka la uchapaji."